Helmeti janja kwa pikipiki, baiskeli na skuta za umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo huulizwa na madereva wa bodaboda za umeme, pamoja na watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli za umeme au skuta za kusimama, hasa wanapokutana dukani na helmeti yenye taa na Bluetooth inayouzwa kwa bei ya juu kuliko ya kawaida. Majibu yamezingatia mazingira ya Afrika Mashariki, ingawa sehemu kubwa ya teknolojia yenyewe imebuniwa Ulaya, Marekani na Asia.

Helmeti janja ni nini hasa?

Ni kofia ngumu ya kuendeshea iliyoongezewa vifaa vya kielektroniki: betri ndogo ya lithiamu, vihisi vinavyopima mwendo na mtikisiko, taa, spika, kipaza sauti, na Bluetooth inayoiunganisha na programu iliyo kwenye simu ya mvaaji. Si kila helmeti inayoitwa janja ina vyote hivyo. Nyingine zina taa tu, nyingine zina spika tu, na wauzaji huziita zote kwa jina moja, kwa hiyo mnunuzi analazimika kuuliza kifaa kimoja kimoja kinafanya nini.

Katika soko la baiskeli wazo hili lilipata umaarufu mwaka 2015, wakati Lumos, helmeti yenye taa na indiketa, ilipochangiwa fedha na wanunuzi kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za bidhaa mpya. Mwaka 2018 kampuni ya Specialized ya Marekani ilianza kuuza kihisi cha ajali kiitwacho ANGi kinachofungwa nyuma ya helmeti. Nchini India, kampuni ya Ather Energy yenye makao mjini Bengaluru, inayotengeneza skuta za umeme, ilitangaza mwaka 2024 helmeti yake ya Halo, ambayo huungana na skuta za kampuni hiyo. Mfano wa India ndio unaokaribiana zaidi na hali yetu, kwa kuwa ulilenga chombo cha magurudumu mawili kinachotumika kila siku katika foleni za mjini, si baiskeli ya mazoezi ya mwisho wa juma.

Je, vifaa hivyo vya kielektroniki ndivyo vinavyookoa kichwa wakati wa ajali?

Hapana. Kichwa huokolewa na ganda la nje, povu gumu la polistireni lililo chini yake, na kamba ya kidevuni inayozuia kofia isichomoke. Kichwa kinapogonga lami, povu hubonyea na kusagika, na kwa kufanya hivyo hurefusha kidogo muda ambao kichwa kinatumia kusimama. Urefu huo wa muda, ambao ni sehemu ndogo mno ya sekunde, ndio unaopunguza nguvu inayoufikia ubongo. Taa haibonyei, spika haibonyei, na betri iliyowekwa mahali pasipofaa inaweza kugeuka kitu kigumu kati ya fuvu na barabara.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuvaa helmeti ipasavyo kunaweza kupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa zaidi ya mara sita, na hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Faida hiyo hupatikana kwa kofia ngumu ya kawaida, isiyo na waya wala betri, ilimradi iwe imefungwa. Vifaa vya kielektroniki vina kazi katika nyakati mbili: kabla ya ajali, kwa kumfanya mwendeshaji aonekane na asihangaike na simu, na baada ya ajali, kwa kumfanya apatikane upesi. Pale katikati, kichwa kinapokutana na lami, kazi yote ni ya povu na kamba. Kwa hiyo helmeti janja ambayo haijafaulu kama helmeti haistahili kununuliwa, hata ingewaka taa kama gari la zimamoto.

Tabaka la ndani linaloteleza ni nini, na je, linahitaji chaji?

Halihitaji chaji wala simu. Mwaka 1943 mwanafizikia A. H. S. Holbourn wa Oxford alitoa hoja kwamba ubongo huumia zaidi kichwa kinapozungushwa ghafla kuliko kinapopigwa kwa mstari ulionyooka. Watu wachache huanguka wima. Wengi huanguka wakiwa bado wanasonga mbele, na lami huishika helmeti na kuizungusha pamoja na kichwa. Peter Halldin wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm na daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst walilifanyia kazi tatizo hilo hadi likazaliwa tabaka la MIPS, ambalo ni utando mwembamba unaoiruhusu helmeti iteleze milimita 10 hadi 15 juu ya kichwa wakati wa pigo la mshazari. Watengenezaji wengine wana mbinu zao zenye lengo lilelile.

Mtu mwenye fedha za kuongeza kitu kimoja tu juu ya helmeti ya kawaida angefanya vyema kuongeza hiki kabla ya kufikiria spika.

Nichague helmeti ya kiwango gani kwa chombo changu?

Jibu linategemea kasi ya chombo, na hapa ndipo makosa mengi ya ununuzi hufanyika. Kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, EN 1078, hupima pigo la mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde kwenye chuma bapa, sawa na takriban kilomita 19.5 kwa saa. Kiwango hicho kinatosha kwa baiskeli ya kawaida, na kinakubalika kwa skuta ya kusimama au baiskeli ya umeme ambayo mota yake huacha kusaidia inapofika kilomita 25 kwa saa, kama sheria za Umoja wa Ulaya zinavyotaka. Kwa baiskeli za umeme zinazofika kilomita 45 kwa saa, Uholanzi ilitoa mwaka 2016 kiwango cha NTA 8776, kinachodai kinga kubwa zaidi na helmeti inayofunika sehemu pana zaidi ya kichwa. Helmeti za pikipiki zina Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, ambayo toleo lake la 06 hupima mapigo ya hadi mita 8.2 kwa sekunde na limeongeza jaribio la pigo la mshazari.

Wasomaji wengine hushangaa kuona kasi za majaribio ni ndogo kuliko kasi za safari. Sababu ni kwamba kinachopimwa ni kasi ya kichwa kuelekea kwenye kitu kinachogongwa. Anayeanguka kutoka kwenye pikipiki hukutana na lami kwa kasi inayotokana zaidi na kimo alichoangukia, na mwendo wa mbele huishia katika kuburuzika. Hesabu hiyo hubadilika kabisa endapo mbele yake kuna ukingo wa barabara, nguzo au ubavu wa lori. Ikumbukwe pia kwamba nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo anayekwenda kilomita 50 kwa saa anabeba nishati mara nne ya anayekwenda 25.

Pikipiki ya umeme inayobeba abiria Kigali, Nairobi au Kampala ni pikipiki, hata kama haina mlio, na dereva wake anahitaji helmeti ya pikipiki. Helmeti ya baiskeli yenye taa nzuri nyuma haifai kwa kazi hiyo. Neno skuta nalo huchanganya wanunuzi, kwa kuwa mitaani hutumika kwa chombo cha kukalia na pia kwa kile kidogo cha kusimama. Muuzaji akisema helmeti yake ni ya skuta, aulizwe ni skuta ipi na inakwenda kasi gani.

Nitajuaje kwamba alama za ubora ni za kweli?

Geuza helmeti na utazame kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye kamba ya kidevuni. Kwa helmeti ya pikipiki iliyopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa, kitambaa hicho huwa na duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi na 11 ni Uingereza. Karibu na duara kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, ambayo hutaja toleo la kanuni, kisha mkwaju (/) na herufi. Herufi P inaonyesha kuwa sehemu ya kidevu imepimwa na inalinda. J ni helmeti ya uso wazi. Na NP inaonyesha kuwa kipande cha kidevu kipo lakini hakilindi. Baadhi ya helmeti za kufunua mbele zinazoonekana imara machoni huwa na herufi NP, na mnunuzi asiyesoma kitambaa huondoka akiamini kidevu chake kimekingwa.

Stika pekee isikuridhishe. Alama ya DOT (Idara ya Uchukuzi) ya Marekani, kwa mfano, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kujithibitisha, na stika zake ni rahisi kughushi. Alama ya CE ya Ulaya huhusu helmeti za baiskeli na vifaa vingine vya kujikinga, kwa hiyo ikionekana peke yake kwenye helmeti inayodaiwa kuwa ya pikipiki, kuna jambo halijakaa sawa. Baada ya karatasi na stika, ondoa kitambaa cha ndani na uguse povu kwa kidole gumba. Povu halisi ni gumu, lina unene wa kutosha pande zote hadi kwenye paji la uso na kisogo, na halina nafasi tupu zilizochongwa ili kupitisha waya. Helmeti yenye sponji laini tu chini ya plastiki ni pambo. Mashirika ya viwango, kama KEBS nchini Kenya na TBS nchini Tanzania, ndiyo mahali sahihi pa kuuliza na kulalamika.

Helmeti hutambuaje kwamba nimepata ajali?

Ndani yake kuna kihisi kinachopima mabadiliko ya kasi katika pande tatu, na mara nyingi kingine kinachopima mzunguko. Programu husoma vipimo hivyo mfululizo na kutafuta mpangilio maalumu: pigo kubwa la ghafla, mzunguko usio wa kawaida, kisha utulivu. Utulivu una uzito wake katika hesabu hiyo, kwa sababu helmeti iliyodondoka kutoka mezani hupata pigo kali pia, lakini huokotwa na kuendelea kusogezwa. Mpangilio unapotimia, simu hulia na kuhesabu kurudi nyuma kwa sekunde kadhaa ili mvaaji aweze kufuta tahadhari kama yuko salama. Asipoifuta, simu hutuma ujumbe wenye mahali alipo kwa watu aliowaandikisha.

Angalia vizuri mlolongo huo. Helmeti hugundua, lakini simu ndiyo inayopiga kelele na kutuma. Dereva wa bodaboda kwa kawaida hufunga simu yake kwenye usukani ili aone ramani na maombi ya wateja, na katika mgongano simu hiyo ndiyo hutangulia kuruka. Ikipasuka, ikizimika au ikiokotwa na mpita njia mwenye mkono mwepesi, ujumbe hauendi popote hata kama helmeti imefanya sehemu yake. Anayetaka kutegemea huduma hii na aiunganishe helmeti na simu nyingine iliyo mfukoni, au atafute mfumo wenye laini yake ya simu ndani.

Ujumbe wa dharura huenda kwa nani? Je, gari la wagonjwa litakuja?

Kwa helmeti nyingi zilizo sokoni, ujumbe huenda kwa mtu uliyemwandika wewe, wala si kwa kituo cha dharura. Mfumo wa Ulaya wa eCall, unaopiga simu ya dharura wenyewe, umekuwa lazima kwa aina mpya za magari madogo tangu mwisho wa Machi 2018, lakini sharti hilo halihusu pikipiki wala baiskeli. Huku kwetu anayepokea ujumbe ndiye atakayelazimika kupiga 912 nchini Rwanda, 999 au 112 nchini Kenya, au 112 nchini Tanzania, na mara nyingi atalazimika kutafuta usafiri mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa mtu wa kuandikishwa una uzito kuliko ubora wa kihisi. Wengi huandika jina la mke, mume au mzazi kwa mapenzi, na mtu huyo pengine yuko mkoani, umbali wa saa nane kwa basi. Ni busara zaidi kuandika wenzako wawili wa kijiweni au wa steji, ambao wanajua barabara unazopita na wana pikipiki za kukufikia, kisha ndugu wa nyumbani awe wa tatu. Mpe kila mmoja maelezo mapema, kwa sababu ujumbe wa Kiingereza unaotoka ghafla kwenye programu usiyoijua hufanana sana na ujumbe wa matapeli, na watu wamejifunza kuupuuza. Hakikisha pia kama programu hutuma kwa ujumbe mfupi wa kawaida au kwa intaneti peke yake, maana bando huisha.

Je, itakuwa inatuma tahadhari za uongo kila nikipita kwenye matuta?

Inaweza kutokea, ingawa tuta peke yake kwa kawaida halitoshi, kwa kuwa halifuatiwi na utulivu. Utambuzi wa ajali haujakamilika popote. Mwishoni mwa 2022 simu mpya za iPhone zilipiga huduma za dharura nchini Marekani kwa sababu wenye simu walikuwa kwenye treni za kubembea za viwanja vya michezo au wakiteleza kwenye theluji. Mtengenezaji anapopunguza tahadhari za uongo kwa kutaka pigo kali zaidi, huongeza uwezekano wa kuikosa ajali halisi ya polepole, na ajali nyingi za skuta ni za namna hiyo. Jaribu kubadilisha kiwango cha usikivu kama programu inaruhusu, na usitazame simu ili kufuta tahadhari ukiwa kwenye mwendo. Afadhali usimame kando.

Helmeti ya mfuko wa hewa ni bora kuliko ya povu?

Anna Haupt na Terese Alstin wa Uswidi walibuni Hövding, kifaa kinachovaliwa shingoni kama kola. Vihisi vyake vilisoma mwendo wa mwendesha baiskeli takriban mara 200 kwa sekunde, na vilipotambua anguko, mfuko wa hewa ulitoka na kukizunguka kichwa kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwaka 2016 kikundi cha David Camarillo cha Chuo Kikuu cha Stanford kilidondosha vichwa vya majaribio kikaona kwamba mfuko wa hewa ungeweza kulinda dhidi ya mtikisiko wa ubongo hadi mara sita kuliko povu. Lakini katika majaribio hayo mfuko ulikuwa umekwisha kujazwa hewa. Swali la kama utajaa kila inapohitajika lilikuwa nje ya jaribio.

Swali hilo ndilo lililokuja kuikalia kooni kampuni. Desemba 2023 mamlaka ya Uswidi inayolinda wanunuzi ilipiga marufuku uuzaji wa Hövding 3 kwa sababu za usalama, na mwezi huohuo kampuni ikaomba kufilisiwa. Kwa maoni yangu, wazo la mfuko wa hewa lilikuwa zuri na huenda likarudi. Tofauti yake na povu ni kwamba povu halina uamuzi wa kufanya: halisubiri kihisi, halina chaji ya kuisha na haliwezi kusahauliwa kuwashwa. Kifaa chochote ambacho kinga yake yenyewe inategemea programu kinabeba mzigo wa uthibitisho ulio mzito mno, na hadi sasa mnunuzi wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuwa wa kwanza kuujaribu.

Taa za helmeti zinasaidia kweli?

Zinasaidia, kwa sababu ziko juu, na dereva wa gari aliye nyuma ya gari jingine anaweza kuiona taa ya kichwani wakati taa ya chombo imefichwa. Vyombo vya umeme vina haja ya pekee ya kuonekana kwa kuwa havisikiki. Ulaya imeyalazimisha magari mapya ya umeme kutoa sauti ya tahadhari yakiwa kwenye mwendo mdogo, lakini sharti hilo haliyagusi magurudumu mawili.

Indiketa za helmeti zina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kichwa hugeuka: mwendeshaji anayetazama bega lake la kulia kabla ya kuhamia upande huo huielekeza taa yake kusikotakiwa. Ya pili ni kwamba madereva wengi hawajazoea kutazama kichwani kutafuta ishara, na taa ndogo inayomweta huwa pambo machoni mwao. Tumia indiketa ya helmeti kama nyongeza ya indiketa ya chombo au ishara ya mkono. Taa za chombo chenyewe zibaki zikifanya kazi, na koti la kuakisi mwanga libaki mwilini.

Naweza kusikiliza muziki na kupokea simu?

Maelekezo ya ramani yanayosikika bila kutazama simu ni faida halisi, pengine ndiyo kubwa kuliko zote kwa dereva wa bodaboda anayepokea wateja kwa programu. Mazungumzo ya simu ni jambo jingine, kwa kuwa mikono huru haimaanishi akili huru. Chagua helmeti ambayo spika zake hukaa karibu na sikio bila kuliziba, au inayopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu, na uweke sauti chini kiasi cha kusikia honi. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2015 vifaa vya kusikilizia vinavyovaliwa masikioni kwa madereva wote, wakiwemo waendesha baiskeli, na hoja iliyotolewa haina tofauti na ile ambayo askari wa barabarani wa Arusha angekupa.

Naweza kubandika kamera, taa au spika kwenye helmeti niliyo nayo?

Toleo la 06 la kanuni ya Umoja wa Mataifa limeanza kuzingatia vifaa vya nyongeza wakati wa upimaji, kwa sababu kitu kilichojitokeza juu ya ganda kinaweza kukwama kwenye lami na kuizungusha shingo. Spika nyembamba zinazokaa kwenye nafasi zilizoachwa na mtengenezaji hazina shida. Usitoboe ganda, usichonge povu ili kupata nafasi, na usitumie gundi au rangi yenye viyeyushi, kwa kuwa viyeyushi hula polistireni bila kuonekana kwa nje. Fundi atakayekuambia kwamba anatoboa kidogo tu anakutengenezea helmeti ambayo haijawahi kupimwa na mtu yeyote.

Itastahimili mvua, jasho na jua?

Tazama namba ya ukinzani wa maji. IPX4 huhimili matone yanayorushwa kutoka pande zote, jambo linalotosha kwa manyunyu. IPX6 huhimili maji yanayopigwa kwa nguvu. Na IP67 huhimili kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa. Kwa masika ya pwani, IPX4 ni kiwango cha chini cha kuanzia. Mfuniko wa tundu la chaji ndio hulegea kwanza na kuingiza maji, na jasho lenye chumvi humaliza vishikizo vya shaba vya ndani pole pole hata pale mvua iliposhindwa.

Jua ni adui wa betri na wa povu pia. Usiiache helmeti juu ya tangi au kiti mchana kutwa, na usiichaji ikiwa bado ina joto la barabarani. Iache ipoe kivulini kwanza. Mahali pa kubadilishia betri za pikipiki panafaa kwa kuchaji helmeti pia, lakini tumia chaja inayolingana nayo, wala usiunge waya kwenye betri ya pikipiki.

Na abiria je?

Sheria ya Kenya inamtaka dereva na abiria wa pikipiki wavae helmeti, na Rwanda imejenga mazoea hayo kiasi kwamba ni nadra kumwona abiria wa “moto”, yaani pikipiki ya kubeba abiria, mjini Kigali akiwa kichwa wazi. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali zinapaswa kuwa za umeme, kwa hiyo huko suala la helmeti na suala la umeme yamekuwa suala moja.

Kwa abiria, ujanja wa kielektroniki hauna manufaa makubwa, kwa kuwa helmeti hubadilisha vichwa siku nzima na simu iliyounganishwa nayo ni ya dereva. Ni vyema fedha hizo zitumike kununua helmeti mbili za abiria zenye ukubwa tofauti, vitambaa vya ndani vinavyofulika, na kofia nyembamba za kutupa. Malalamiko ya abiria kuhusu jasho, harufu na nywele zilizosukwa yana msingi, na dereva anayeyapuuza hubeba helmeti mkononi kama mapambo. Mwanamke aliyejifunga mtandio avae helmeti juu ya kitambaa kimoja laini kilicholala, bila pini wala fundo kisogoni, kisha kamba ipite chini ya kidevu na kukazwa hadi pabaki nafasi ya vidole viwili.

Kampuni inayonikodisha pikipiki imenipa helmeti inayorekodi safari. Ina haki hiyo?

Taarifa za mahali ulipo, kasi yako na saa zako za kazi ni taarifa binafsi. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa hizo tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Kwa jumla sheria hizi zinataka uelezwe ni taarifa zipi zinakusanywa, kwa lengo gani na zinakaa kwa muda gani, na zinakupa haki ya kuomba kuziona. Uliza kwa maandishi kabla ya kutia saini. Uliza hasa kama rekodi za helmeti zinaweza kutumika kukukata malipo au kukukatalia bima, kwa sababu kifaa kilicholetwa kwa jina la usalama kinaweza kuishia kuwa nyapara.

Kampuni iliyotengeneza helmeti ikifungwa itakuwaje?

Programu huacha kusasishwa, na siku simu yako ikipata mfumo mpya, helmeti inaweza kukosa wa kuzungumza naye. Skully ya Marekani ilichangiwa takriban dola milioni 2.4 mwaka 2014 kwa ajili ya helmeti ya pikipiki yenye kioo cha kuonyesha ramani, na mwaka 2016 ikafungwa huku wachangiaji wengi wakiwa hawajapokea chochote. Nunua helmeti iliyopo dukani na ambayo taa na spika zake hufanya kazi bila akaunti ya intaneti.

Helmeti janja inapaswa kubadilishwa lini?

Mara tu baada ya pigo lililohusisha kichwa, hata kama ganda halina ufa na taa zote zinawaka. Povu lililokwisha kubonyea halirudi, na halitafanya kazi mara ya pili. Bila ajali, watengenezaji wengi hushauri takriban miaka mitano, na tarehe ya kutengenezwa huwa imeandikwa ndani chini ya kitambaa. Betri kwa kawaida huchoka mapema kuliko povu, kwa hiyo ni afadhali kununua aina ambayo moduli yake ya kielektroniki huchomolewa na kuhamishiwa kwenye helmeti mpya.

Helmeti iliyopata ajali isiuzwe wala kupewa mwanafunzi wa udereva. Toa betri na uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kisha kata kamba ya kidevuni kwa kisu, ili yeyote atakayeiokota jalalani asiweze kuivaa.